Agiza kiwandani: mbinu za kuunda vipande vya programu vinavyoishi kwenye mashine tofauti

Mkulima ameshusha gunia la kahawa ya maganda mbele ya ghala la chama cha msingi huko Kaisho. Karani anapima, anaandika uzito kwenye kishikwambi, anabonyeza "Toa stakabadhi". Duara linazunguka. Linaendelea kuzunguka. Mtandao umekata. Sasa, stakabadhi imetoka au haijatoka? Akibonyeza tena, huenda gunia moja likalipwa mara mbili. Asipobonyeza, huenda mkulima asilipwe kabisa.

Kama wewe ndiye unayeandika programu hiyo, jibu la swali hili uwe nalo kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo. Na mahali pazuri pa kuliweka ni kwenye kiolesura cha kiwanda.

Kiwanda hapa si kile cha kukoboa kahawa. Ni kipande cha programu chenye kazi moja: kuunda vipande vingine kwa niaba ya anayeviomba. Kiolesura chake ni orodha fupi ya maombi kinayoyapokea. Upande wa kishikwambi unaomba stakabadhi. Haujui imeundwa kwenye mashine ipi, kwenye hifadhidata gani, wala kwa lugha gani. Karagwe, tunakofanyia mfano huu, ilikuwa nchi ya wahunzi enzi za watawala wake wa Bweranyange. Aliyetaka jembe hakuingia kushika mivukuto. Alieleza anataka jembe la namna gani, akaletewa. Programu yako ifanye hivyohivyo.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: mfumo wa kupokea kahawa kwa vyama vya msingi vya Karagwe na Kyerwa, vile vinavyouza kupitia chama kikuu cha KDCU chenye makao yake Kayanga. Mfumo wenyewe nimeubuni kwa ajili ya somo hili. Maghala yaliyo mbali na lami na mtandao unaosuasua ni mambo ya kweli, nawe utakutana nayo.

Kabla hujatawanya

Hakikisha unahitaji kutawanya programu kwenye mashine kadhaa. Kama chama kina ghala moja, karani mmoja na kompyuta moja, usitawanye chochote. Andika programu ya kawaida, weka nakala ya akiba, maliza. Martin Fowler, mwandishi anayeheshimika kwenye usanifu wa programu, aliweka kanuni mwaka 2002: kanuni ya kwanza ya kutawanya vitu ni kutovitawanya. Ishike kanuni hiyo mpaka ghala la pili lifunguliwe.

Likishafunguliwa, chukua karatasi uorodheshe vinavyozaliwa. Siku ya ununuzi ghalani huzaliwa stakabadhi. Huzaliwa ombi la malipo. Gari likija kubeba, huzaliwa shehena. Vitu vitatu tu. Mkulima hazaliwi pale, tayari yumo kwenye daftari la wanachama. Bei nayo haizaliwi ghalani, inatoka mnadani. Kila kinachozaliwa ghalani lakini kinapaswa kuishi kwenye mashine nyingine, kipe kiwanda chake. Vingine viache kama vilivyo.

Andika kiolesura kwanza

Usianze na hifadhidata. Anza na kile ambacho karani anahitaji kuomba. Kwa lugha yoyote unayotumia, umbo lake ni hili:

```
kiolesura KiwandaChaStakabadhi
    toa(ombi)                 -> Stakabadhi
    tafuta(namba)             -> Stakabadhi, au hakuna
    batilisha(namba, sababu)
```

Mistari mitatu. Ikizidi mitano, angalia kama hujaingiza kazi ya mtu mwingine. Kupiga hesabu ya makato si kazi ya kiwanda. Kuchapisha karatasi si kazi ya kiwanda. Kiwanda kinatoa, kinatafuta, kinabatilisha. Na ona kwamba hakuna "futa". Mambo ya fedha za wakulima hayafutwi. Yanabatilishwa kwa sababu iliyoandikwa, na kumbukumbu inabaki.

Kinachorudi, yaani Stakabadhi, nacho kiwe kiolesura, kisiwe klasi halisi. Ukirudisha klasi halisi, kishikwambi kitaanza kujua mambo ya ndani ya seva, na siku utakapobadilisha hifadhidata itabidi ubadilishe na vishikwambi vyote.

Peleka kila kitu kwa safari moja. Hili huwaponza wengi. Wanaunda stakabadhi tupu, kisha wanaita seva kuweka jina, wanaita tena kuweka kilo, tena aina, tena unyevu, tena msimu. Kwenye kompyuta moja hakuna shida. Kwenye mtandao wa simu, tuseme kila mwito unachukua theluthi moja ya sekunde: miito 12 ni sekunde 4, na kila mwito ni nafasi mpya ya kukwama katikati. Stakabadhi yenye jina bila kilo ni balaa. Kwa hiyo `ombi` liwe bahasha iliyokamilika: namba ya mwanachama, kilo, aina ya kahawa, unyevu, msimu, ghala, na namba ya stakabadhi yenyewe.

Ndiyo, namba ya stakabadhi iwe ndani ya bahasha. Tukae hapo kidogo.

Namba itoke ghalani, isitoke Kayanga

Mazoea ni kuiachia hifadhidata ya seva iliyoko Kayanga itoe namba: 1, 2, 3, kwenda mbele. Ukifanya hivyo, lile swali la Kaisho halina jibu. Karani hana namba mkononi, kwa hiyo hana cha kuulizia. Akibonyeza mara ya pili, seva inaona ombi jipya na kutoa namba nyingine.

Geuza. Kishikwambi kitengeneze namba kabla ya kutuma. Tumia UUID kwa ajili ya mashine. Karibu kila lugha ina maktaba yake, na uwezekano wa vishikwambi viwili kugongana ni mdogo kiasi cha kutokusumbua. Kwa ajili ya binadamu, ongeza namba fupi inayosomeka: herufi za ghala, namba ya kishikwambi, kisha mfululizo wa kishikwambi hicho. Mfano KSH-3-0147. Mkulima anaondoka nayo kwenye karatasi na anaweza kuisoma kwa simu akiulizwa.

Sasa ipe seva amri hii: ukipokea namba usiyoijua, unda. Ukipokea namba unayoijua na maelezo ni yaleyale, rudisha stakabadhi ileile, usiunde nyingine. Ukipokea namba unayoijua lakini kilo zimebadilika, kataa na upige kelele, maana hapo kuna kosa au kuna udanganyifu. Karani anaweza kubonyeza mara 20 na gunia litabaki moja.

Usitegemee msimbo pekee kulinda hilo. Weka sharti la upekee kwenye safu ya namba ndani ya hifadhidata. Maombi mawili yanaweza kufika kwa wakati mmoja, yote yakatazama, yote yakakuta hakuna, yote yakaandika. Hifadhidata ndiyo itakayolizuia la pili.

Kama unatumia REST, namba inatoka kwako, hivyo tumia PUT kwenye anwani yenye namba hiyo badala ya POST. PUT imekusudiwa kurudiwa bila madhara.

Panga na muda wa kusubiri. Usimwache karani na duara lisilo na mwisho. Sekunde 5 zikipita bila jibu, acha. Rudia baada ya sekunde 2, kisha 4, kisha 8. Ongeza juu yake sekunde chache za kubahatisha, tofauti kwa kila kishikwambi. Umeme au mnara ukirudi baada ya kukatika, maghala yote huamka pamoja. Yakiruka yote kwa sekunde ileile, seva yako italala chali.

Viwanda viwili, kiolesura kimoja

Hapa ndipo utakapoona faida. Andika kiwanda cha mbali, kinachozungumza na seva. Kisha andika kiwanda cha karibu, kinachoandika kwenye SQLite ndani ya kishikwambi na kuweka ombi kwenye foleni ya kutumwa. Vyote viwili vitimize kiolesura kilekile. Skrini ya karani isijue inazungumza na kipi.

Mimi huanza na cha karibu siku zote, hata mtandao ukiwa mzuri. Karani anabonyeza, stakabadhi inaandikwa ndani, karatasi inatoka, mkulima anaondoka. Foleni inapeleka Kayanga kwa wakati wake. Kwenye Android, WorkManager inakufanyia kazi hiyo ya foleni vizuri na inakumbuka hata kishikwambi kikizimwa.

Lakini usijidanganye kwamba mbali na karibu ni kitu kimoja. Mwaka 1994 Jim Waldo na wenzake wa Sun Microsystems waliandika waraka wakionya jambo hilo hasa: kitu kilicho kwenye mashine nyingine kinaweza kukwama nusu, kinaweza kuchelewa, na kiolesura kinachoficha ukweli huo kinamponza mtumiaji. Kwa hiyo Stakabadhi yako iwe na hali inayoonekana: "inasubiri", "imethibitishwa", "imekataliwa". Iandike hali hiyo kwenye skrini kwa maneno, si kwa rangi peke yake. Na weka sheria moja isiyovunjwa: ombi la malipo halitoki kwa stakabadhi ambayo bado inasubiri.

Mlango mmoja wa kuundia

Pitia msimbo wa kishikwambi. Tafuta kila mahali ulipoandika `new` kwa kitu kinachoishi mbali. Futa. Pabaki mahali pamoja tu, pale programu inapowaka, panapoamua kiwanda kipi kitumike. Kwingine kote, msimbo unapewa kiwanda mkononi na kukitumia.

Anwani ya seva nayo ifiche. Msimu mmoja nilifunga mfumo mwingine kwa vyama kadhaa, nikaandika anwani ya IP ndani ya msimbo kwa kuwa nilikuwa na haraka. Katikati ya ununuzi, kampuni iliyotuhifadhia seva ikabadilisha anwani. Nilipanda bodaboda kutoka Nkwenda hadi Isingiro, kutoka Isingiro hadi Mabira, nikikigusa kishikwambi kimoja baada ya kingine, wakulima wakisubiri na magunia kwenye mstari. Siku mbili nzima. Jina la kikoa lingenigharimu dakika 10.

Tumia jina, kwa hiyo. Kishikwambi kiulize: "kiwanda cha stakabadhi cha Kaisho kiko wapi?" Kinachojibu kinaweza kuwa DNS, faili la mipangilio linalopakuliwa kila asubuhi, au daftari la huduma kama mfumo wako ni mkubwa. Kiwanda kikihamia mashine nyingine, unabadilisha jibu sehemu moja.

Wilaya ikigawanyika

Mwaka 2012 Kyerwa ilitoka ndani ya Karagwe ikawa wilaya yake, na halmashauri yake. Wakulima hawakuhama, na KDCU iliendelea kuhudumia pande zote mbili. Fikiria programu iliyokuwa na neno "Karagwe" kwenye kila ukurasa, na ushuru unaolipwa kwa halmashauri moja. Ingebidi iandikwe upya.

Kiwanda kinakuokoa hapo ukikiachia uamuzi huo. Karani wa Kaisho anaomba `toa(ombi)` tu. Kiwanda kinaangalia ghala lipo halmashauri ipi, kinachagua kanuni za makato zinazohusika, kinaunda stakabadhi iliyoshikamana na kanuni hizo. Kanuni zenyewe ziweke kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Viwango vikibadilika, unaongeza mstari kwenye jedwali na hugusi msimbo.

Fanya vivyo hivyo kwa aina ya zao. Huku robusta ndiyo nyingi, na inapokelewa kwa maganda. Arabika nayo ipo. Kesho chama kinaweza kutaka kupokea maharage. Kila zao lina stakabadhi yake, kipimo chake cha ubora na shehena yake, na hivyo vitatu lazima vifanane. Hutaki stakabadhi ya robusta ndani ya shehena ya maharage. Tengeneza kiwanda kwa kila zao, kila kimoja kitoe vyote vitatu. Kitabu cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides cha mwaka 1994 kilishauita muundo huu kiwanda dhahania, na bado unafanya kazi vilevile.

Saa inayorudi nyuma

Hili utalikuta Kyerwa na Karagwe, na vitabu vingi havitakuambia. Ng'ambo ya Mto Kagera ni Rwanda, na Rwanda iko saa moja nyuma ya Tanzania. Uganda inatumia saa ileile kama sisi. Kishikwambi kilichowekwa kujipangia saa chenyewe, kikinasa mnara wa ng'ambo, kinaweza kurudi nyuma saa nzima na kisha kurudi mbele kikinasa wa huku. Stakabadhi ya pili inaonekana imetoka kabla ya ile ya kwanza. Mkaguzi akiiona atauliza, na ana haki.

Andika muda kwa UTC tangu ndani ya kishikwambi. Kiwanda cha seva kiongeze muda wake wa kupokea, tofauti na muda wa kishikwambi, uhifadhi vyote viwili. Kwa kupanga mfululizo tumia ile namba ya mwisho ya KSH-3-0147, kwa sababu yenyewe hairudi nyuma. Na usimwachie karani kuandika saa kwa mkono. Saa mbili yake ni ya asubuhi, kumekucha. Saa 2 ya kompyuta ni usiku wa manane.

Mambo mengine ya kushika

Katikati ya msimu hutaweza kusasisha vishikwambi vyote. Cha ghala la mbali kama Murongo kitabaki na toleo la zamani wiki tatu. Kwa hiyo kwenye kiolesura ongeza, usiondoe. Sehemu mpya ya bahasha iwe ya hiari, na seva ijue thamani ya kuweka isipokuwepo. Kama lazima ubadilishe kabisa, fungua kiwanda cha toleo la 2 pembeni ya cha 1, na uviache vyote viishi hadi msimu ufungwe.

Kagua kitambulisho kwenye lango la kiwanda. Karani wa Nkwenda asiweze kutoa stakabadhi ya ghala la Kaisho. Ukiweka ukaguzi pale kitu kinapozaliwa, huhitaji kuutawanya kila kona.

Kilichofunguliwa kifungwe. Ukitumia teknolojia inayoweka kitu hai kwenye seva kwa ajili ya kila mteja, kiwekee muda wa kufa. Java RMI, kwa mfano, ina ukodishaji wa dakika 10 usipobadilisha. Mteja akipotea bila kuhuisha, seva inaruhusiwa kukiachia. Ukisahau jambo hili, kila kishikwambi kilichozimika kitaacha kitu kimelala kwenye kumbukumbu ya seva.

Ukirithi mfumo wa zamani, usishtuke. EJB, teknolojia ya Java iliyotoka mwaka 1998, ilikuwa na kiolesura kiitwacho "home", na kazi yake ilikuwa hii hii ya kiwanda: unakitafuta kwa jina, unakiita `create`, unapewa kitu kilichoko mbali. EJB 3.0 ya mwaka 2006 iliondoa ulazima wake, lakini wazo halikufa. Leo utalikuta kwenye faili la huduma la gRPC, ambayo Google iliifungulia dunia mwaka 2015, au kwenye anwani moja ya REST. Kwa mfumo wa maghala 10 au 20, mimi ningechagua REST ya kawaida. Ni rahisi kuikagua, na kijana yeyote utakayemwachia kazi ataielewa.

Jaribu kabla ya msimu kufunguliwa

Andika kiwanda cha bandia kwa ajili ya majaribio. Kitimize kiolesura kilekile, lakini kifanye vituko: mwito wa tatu kisijibu, wa tano kichelewe sekunde 30, wa saba kiunde stakabadhi kisha kikate kabla ya kurudisha jibu. Huo wa saba ndio tukio la Kaisho. Programu ikiupita, una msingi.

Kisha toka mezani. Nenda ghalani na kishikwambi halisi, mzani halisi na karani atakayekitumia. Mwombe atoe stakabadhi 50. Wewe washa na kuzima hali ya ndegeni bila kumwambia lini. Zima kishikwambi katikati ya kubonyeza. Hamisha saa nyuma kwa mkono. Karani aandike na kwenye daftari lake la karatasi kama kawaida.

Jioni kaeni pamoja mjumlishe: kilo za daftari, kilo za kishikwambi, kilo za seva. Zikitofautiana hata kwa gunia moja, usiondoke mpaka ujue ni lipi na kwa nini. Zikilingana, nenda ghala linalofuata ukarudie.